Mshona Matairi

Shemeji yangu ana miaka sabini na moja, na kwa miaka thelathini na miwili aliamini kwamba mikono yake ndiyo iliyonivunja nyonga. Haikunivunja. Nilijivunja mwenyewe, kwa uvivu na uongo, nikamwachia yeye lawama. Nalisema hili mapema ili usije ukaanza kunipenda bure halafu ukajuta katikati.

Alikuja uwanjani kwa sababu ya kaka yangu. Kaka alikuwa fundi wa magurudumu wa klabu yetu ya baiskeli. Anakaza spoku, ananyoosha ringi, anabandika matairi, yote hayo kwenye chumba chenye dirisha moja chini ya majukwaa. Walikuwa wameoana miezi minne tu. Siku hiyo mkewe alimletea chakula akamkuta ameinama juu ya tairi, jasho linamtoka, anashona huku anatukana. Shemeji alisimama mlangoni akamtazama weee, mwisho uvumilivu ukamshinda. "Hebu lete hapa," akasema. "Unashona kama mtu anayefunga gunia la mkaa." Akaweka bakuli chini, akachukua sindano, na hakuiachia kwa miaka kumi na mmoja.

Najua unajiuliza tairi la baiskeli linashonwaje. La kwako la kwendea sokoni halishonwi. Lakini baiskeli zetu zile za chuma, za mbio za uwanjani, zilikuwa mnyama mwingine kabisa. Hazina breki. Hazina gia. Na pedali hazipumziki: gurudumu likizunguka, miguu yako nayo inazunguka, utake usitake, na ukitaka kupunguza mwendo unaikatalia pedali kwa nguvu za mapaja. Akija mjuaji kutoka mtaani kujigamba, tulikuwa tunamwazima moja, tunakaa pembeni. Anakwenda vizuri raundi nzima, halafu anajisahau, anaacha kukanyaga kama alivyozoea, na baiskeli inamtupa juu ya usukani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tulikuwa watu wabaya kidogo, nakubali.

Sasa tairi lake. Ni kitambaa chembamba chenye ngozi ya mpira juu, kinakunjwa kuizunguka tyubu na kushonwa upande wa chini, kama foronya ndefu iliyoshonwa na mto ukiwa ndani. Kisha linabandikwa kwenye ringi kwa gundi. Hakuna kingine kinacholishika, ni gundi tu. Likitoboka unalibandua, unafumua mshono pale penye tundu, unaziba, unashona tena, unabandika tena. Kazi ya mtu mwenye subira, na mimi subira niliisikia kwa majirani.

Shemeji alikuwa na namna yake. Hakutoboa tundu jipya hata siku moja. Uzi ulipita kwenye matundu yaleyale ya kiwandani, moja baada ya jingine, ili kitambaa kisichoke. Na kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto alikiingiza ndani ya tairi, kati ya sindano na tyubu. Sindano ikizidi kina, inamchoma yeye. Nilimwambia mara moja, "Shemeji, si uweke kipande cha kadi humo ndani?" Akasema, "Kadi haipigi kelele." Kidole kile kilijaa vidoti kama kimeota ndui. Klabu nzima ilimwita Mama Sindano, na wakimbiaji wa vilabu vingine walikuwa wanamletea matairi yao yamefungwa kwenye magazeti.

Mimi waliniita Breki, kwa vile sikuwa nayo, si kwenye baiskeli wala mdomoni. Nilikuwa mkimbiaji wa mbio za wawili wawili. Hizo ni raundi tatu tu, na mbili za kwanza ni ujanja mtupu. Hakuna anayetaka kutangulia, maana wa nyuma anakuona wewe humwoni. Basi mnakwenda polepole, polepole zaidi, mpaka mnasimama kabisa, kila mmoja juu ya baiskeli yake bila kutia mguu chini, mnaviziana. Niliwahi kusimama hivyo dakika ishirini. Haya, natia chumvi, zilikuwa kumi na moja. Watu walikuwa wanakwenda msalani na kurudi wakanikuta palepale.

Ijumaa ile tairi langu la mbele lilitoboka kwenye mazoezi. Shemeji akalishona jioni ileile, akanikabidhi mkononi. Kaka hakuwepo, alikuwa amekwenda kufuata spoku. Akaniambia, "Libandike leo. Mbio ni Jumapili, gundi ilale." Hivyo ndivyo walivyosema pale chumbani: gundi lazima ilale. Inapakwa, tairi linavalishwa, gurudumu linatundikwa kwenye msumari mpaka kesho yake, na kabla ya hapo haligusi saruji. Nikamwambia sawa. Nikaenda kunyoa, nikakutana na jamaa, tukakaa. Jumamosi nikalala mpaka mchana, na mchana kukawa na mpira wa miguu. Nililipaka gundi tairi lile Jumapili saa mbili asubuhi, nikiwa peke yangu, nikilipulizia kwa mdomo kama uji wa moto.

Saa saba mchana, kabla sijapanda, Kaka alikuja akabonyeza tairi kwa kidole gumba. "Gundi imelala?" akaniuliza.

"Imelala," nikasema.

Kona za uwanja wetu zilikuwa zimeinuka kama ukuta. Ukipita polepole unaporomoka, ukipita kwa kasi unanata. Nilikuwa nimemwacha mwenzangu nyuma kwa baiskeli nzima, raundi ya mwisho, kona ya pili, nikiwa juu kabisa, na nikasikia mbele yangu sauti ya kitu kinachobanduka. Tairi liliteleza likavuka ringi. Nakumbuka ringi tupu ikikwaruza saruji, halafu sikumbuki tena. Baiskeli ilibiringika na tairi likajisokota kwenye fremu, mshono ukachanika shubiri mbili. Kwa hiyo walioliokota waliona tairi lililofumuka. Ni nani angejua kipi kilitangulia? Nilijua mimi tu.

Mwenyekiti wa klabu alikuja hospitali siku ya tatu, amelibeba kwenye mfuko. Alikuwa mtu mnene, mwenye huruma, anapumua kwa shida kwa sababu ya ngazi. Akalitoa akaniwekea juu ya shuka. "Kijana," akasema, "ni mshono, siyo?"

Nyonga yangu ilikuwa imefungwa vyuma. Daktari alikuwa ameshaniambia sitakimbia tena. Kaka amesimama dirishani, ananitazama. Kusema kweli kungenichukua maneno matatu. Nikatazama ule mshono uliochanika, nikasema, "Nadhani ni mshono."

Basi. Hilo tu. Sikumtukana mtu, sikumshtaki mtu. Nilisema nadhani.

Shemeji alikuja jioni. Alipiga magoti pembeni ya kitanda kile cha chuma mbele ya wagonjwa sita, akanishika mkono, akalia. Alisema amerudia kichwani kila tundu na haoni alipokosea, lakini lazima alikosea, maana mimi pale nimelala. Alisema, "Nisamehe, shemeji yangu." Na mimi, mnisikie vizuri, nilimsamehe. Nilimpigapiga bega nikamwambia, "Yamepita, shemeji. Ni ajali." Wagonjwa wenzangu walinisifu kwa roho nzuri.

Klabu ilimwondoa mwezi uleule, kwa barua ya heshima. Akachukua cherehani yake akarudi nyumbani, akawa anashona mapazia, sare za shule, foronya, vitambaa vya meza. Kazi zake zilikuwa safi mno. Kila mshono aliupitia mara mbili halafu akauvuta kwa mikono yote, akiukagua kama askari wa mpakani. Wateja walimtania kwamba nguo zake zitawazika wao. Lakini alikuwa na mwiko mmoja: kitu cha kubeba mtu hakushona. Mkanda wa begi la shule sawa, kamba ya machela hapana. Binti yake alipojifungua mtoto wa kwanza aliomba mama amshonee mbeleko. Shemeji alikwenda dukani akanunua. "Ya dukani imara zaidi," akasema. Binti alinung'unika kwa wiki nzima kwamba mama yake ni fundi wa mtaa mzima isipokuwa wa mjukuu wake. Nilikuwa nimekaa palepale sebuleni, nakunywa chai yake.

Maana nyumba ni moja. Baada ya ajali Kaka alinipa chumba cha uani, na nyonga yangu ikapona nusu, nikawa natengeneza saa na redio. Kaka amefariki miaka tisa sasa. Nikabaki nakula kwa shemeji yangu mchana na jioni, tunataniana kama kawaida ya mashemeji. Yeye ananiambia natembea kama meza yenye mguu mfupi, mimi namwambia miwani yake imekuwa minene kama vitako vya chupa. Mtu akituona angesema hawa hawana deni. Mara ngapi nilitaka kusema? Mara nyingi. Mdomo unafunguka, unatoka utani.

Mwaka huu mwanzoni akaja daktari wa meno. Mwanamke wa makamo, kucha fupi, sauti ile ya kukuambia haitauma. Alinitazama meno kabla hajanitazama uso. Anakusanya baiskeli za zamani za uwanjani, anazo saba, amezisugua mpaka zinang'aa, na yeye na wenzake walikuwa wameomba uwanja kwa siku moja, ili baiskeli zile zikimbie tena na wazee wa klabu waje watazame. Alikuwa amebeba tairi chini ya kwapa.

"Mama," akamwambia Shemeji, "nimetafuta kila mahali. Siku hizi likitoboka wanatupa. Wazee wote wananiambia kuna mtu mmoja tu aliyejua kushona haya."

"Hawakukuambia mengine?" Shemeji akauliza.

"Walisema kulitokea ajali."

"Basi muulize huyo shemeji yangu uzi wangu unawafanya nini watu. Yuko hapo, ana nyonga ya kukuonyesha."

Daktari wa meno akanigeukia. Alikuwa ananitegemea, macho yote kwangu. Ilikuwa nafasi ambayo hata mjinga angeiona. Na mimi nikasema, "Daktari, usimlazimishe mama wa watu. Ana sababu zake." Nilisema kwa upole kabisa, kama mtu mwema.

Mgeni aliondoka akaliacha tairi mezani, pengine kwa makusudi. Shemeji akaendelea na pazia lake kidogo. Halafu akadhani nasoma gazeti. Akalivuta lile tairi mapajani. Vidole vyake vimepinda siku hizi, lakini kidole gumba kilikwenda chenyewe kwenye mstari wa matundu, kikapita moja baada ya jingine, na midomo yake ikawa inahesabu. Uso wake ukawa wa mwanamke wa miaka thelathini na tano. Alifika penye tundu. Kile kidole cha shahada kikaingia ndani, kikakaa mahali pake. Kisha akalitupa mezani na kujifuta mikono kwenye gauni, harakaharaka, kama aliyeshika uchafu, akarudi kwenye pazia lake.

Nilikunja gazeti. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa sebuleni, hakuna pa kujificha.

"Shemeji," nikasema, "haukuwa mshono."

Nikamweleza yote. Kinyozi, jamaa, mpira wa Jumamosi, gundi ya Jumapili. Alikuwa katikati ya pindo la pazia, na hakusimama. Cherehani iliendelea kunguruma mpaka mwisho wa kitambaa. Kisha akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Nilijua atalia au atanitupia mkasi, na mkasi ningeupokea. Badala yake aliniuliza swali la fundi.

"Ulipaka saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Ukapanda saa ngapi?"

"Saa saba."

"Saa tano tu za kulala," akasema. "Gundi ile nyeusi? Saa tano?" Akatikisa kichwa, na nakuapia nilimwona anapumua, kifua kikishuka mpaka chini. "Hata ningeshona kwa waya wa umeme lingebanduka." Akageuza mikono yake, viganja juu, akaitazama. "Kumbe ilikuwa mizima."

Nikadhani limekwisha hapo. Nikaanza, "Nisamehe, she..."

"Kaka yako alijua?"

Nikalikunja gazeti mara ya pili.

"Nakuuliza. Mume wangu alijua?"

"Hakujua."

"Alikwambia nini kuhusu mimi? Usinifiche. Ulikaa naye wiki mbili za mwisho, mimi nikitolewa nje kila wakati apumzike."

Ningeweza kudanganya tena, na safari hii ingekuwa huruma. Lakini nilikuwa nimechoka. "Alinishukuru," nikasema. "Aliniambia, 'Asante kwa kutomchukia mke wangu.'"

Shemeji akasema, "Miaka ishirini na mitatu nimelala kitanda kimoja na mtu anayeniona nimemvunja mdogo wake. Hakuwahi kunisema. Alikuwa ananihurumia. Unajua kuhurumiwa kulivyo?" Sauti yake ilipanda. "Nilikuwa namkuta anaupitia mshono wangu kwa siri! Mashati yake mwenyewe! Nikajifanya sioni! Toka. Toka humu ndani, nenda chumbani kwako, na chakula kitafute unakojua."

Siku nne sikuona sahani yake. Nilikula mkate mkavu na nikastahili. Siku ya tano alibisha hodi mwenyewe mlangoni kwangu, amevaa miwani, tairi liko mkononi, limeshashonwa. Nililitazama. Mishono ilikuwa imelala mmoja baada ya mwingine, midogo, sawasawa, isipokuwa miwili mitatu ya mwanzo iliyokwenda upande kabla mkono haujakumbuka. Kwenye kidole chake kulikuwa na plasta.

"Daktari ameniletea gurudumu lake. Nimelibandika tairi na kulibandua mara mbili kwa kujaribu," akasema. "Nitalibandika kwa mara ya mwisho keshokutwa, na gurudumu litakaa chumbani kwangu siku nzima. Daktari hakabidhiwi mpaka asubuhi ya mbio. Sasa kuhusu wewe. Siku hiyo utasimama mbele ya wazee wa klabu, waliobaki, utasema."

"Nitasema. Baada ya mbio, wakati wa..."

"Kabla. Kabla gurudumu halijazunguka. Sitaki tairi linisafishe, lije libanduke kwa sababu nyingine niwe mchafu tena. Nataka unisafishe wewe."

Siku ikafika. Uwanja umezeeka, saruji imepasuka hapa na pale, lakini kona zile bado zinatisha. Baiskeli kumi na moja zilisimama kwenye mstari, daktari wa meno katikati, amevaa kofia ya ngozi ya zamani, anatetemeka kwa furaha. Chini ya majukwaa kulikuwa na viti vya plastiki na wazee kama ishirini hivi. Wengi waliosema vibaya siku zile hawapo tena duniani. Mwenyekiti yupo, amekonda, fimbo kati ya magoti. Shemeji alikaa mstari wa mbele na mkoba mapajani, amevaa gauni alilojishonea.

Nilisimama. Nimewahi kukaa dakika kumi na moja juu ya baiskeli bila kutikisika, na siku hiyo sikuweza kutulia mahali pamoja.

"Ndugu zangu," nikasema, "kuhusu ile ajali yangu ya zamani. Kulikuwa na tatizo la gundi. Haikuwa imekauka vizuri. Kwa hiyo mshono haukuwa na kosa. Nilitaka tu mjue." Nikaanza kukaa.

Mwenyekiti akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Anasemaje?"

"Anasema habari za gundi," jirani yake akamwambia.

"Gundi gani?"

Watu wakacheka kidogo. Nami nikatabasamu, nilishashika mgongo wa kiti. Shemeji hakutabasamu.

"Hakusikia," akasema. "Rudia. Na safari hii sema nani alifanya nini."

Nikasimama tena. Nikapaza sauti mpaka wale wa kwenye baiskeli wakageuka. "Gundi niliipaka mimi, asubuhi ileile, kwa uvivu. Kaka aliniuliza, nikamdanganya. Mshono wa Mama Sindano ulikuwa mzima. Mwenyekiti, ulikuja hospitali ukaniuliza, nikamsingizia. Nilimwacha anipigie magoti nikamsamehe kosa langu. Na kaka yangu amekufa hajui."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alihangaika na fimbo yake mpaka akasimama, akamgeukia Shemeji. "Mama," akasema, "sisi tulikufukuza."

"Mlinifukuza," Shemeji akasema. "Kaa, mwenyekiti, utaanguka." Kisha akageuza shingo, akatazama viti vya nyuma, walipokaa wazee wengine sita au saba wanaoulizana kuna nini. Akanitazama mimi.

"Wale pale hawajasikia," akasema.

Nikaichukua nyonga yangu, nikatembea mpaka viti vya nyuma, nikaanza upya.